Baji anayekula kutwa na bado anakonda

Mtazame kwa makini baji, yule kasuku mdogo wa kizimbani, anayesemekana kwamba anakula sana lakini hanenepi. Amekaa juu ya kijiti ametutumua manyoya, kisha anashuka kwenye kikombe na kuanza kushughulika na mbegu bila kupumzika. Chungulia kikombe chenyewe. Maganda yamejaa, na katikati ya maganda kuna vipande vya kiini vilivyopondwapondwa vikaachwa. Ndege huyo hali. Anamenya, anaponda kwa mdomo, anadondosha. Mwenye ndege anaona mbegu zimepungua na kuapa kwamba hamu ya chakula iko, mpaka siku atakapomshika mkononi na kuukuta mfupa wa kidari umesimama wazi, nyama ya pande zote mbili imekwisha.

Hali hii ina vyanzo kadhaa kwa baji, kwa lavubedi na kokateli ambao nao ni jamii ya kasuku, na kwa chiriku wa vizimbani. Kuna kimoja kinachosahaulika sana huku kwetu, Nakuru hadi Kisumu, kwa sababu hakionekani kwa macho na dawa za kawaida za agroveti hazikigusi. Ni kuvu ya jamii ya hamira iitwayo Macrorhabdus ornithogaster, inayoishi tumboni mwa ndege. Ninalomwomba mfugaji ni jambo moja: mpime ndege uzito, na kinyesi chake kiangaliwe kwa hadubini, kabla hujatia dawa yoyote kwenye maji ya kunywa.

Ili uelewe kwa nini nasisitiza hivyo, fuata njia ya chakula. Mbegu ikimezwa inakaa kwanza kwenye gole, pale chini ya shingo. Kutoka hapo inaingia tumbo la kwanza, dogo na laini, linalotoa tindikali na vimeng'enya. Kisha inapita mahali pembamba na kuingia firigisi, ambako inasagwa kwa nguvu ya misuli. Kuvu hii hujikita hasa pale pembamba, mpakani mwa tumbo la tindikali na firigisi. Inalala ndani ya ute na kujipenyeza kwenye tezi. Ikizidi, ute unakuwa mzito kupita kiasi, tezi zinaharibika, tindikali inapungua, na tabaka gumu linalokinga firigisi kwa ndani linalegea. Chakula kinapita bila kusagwa sawasawa. Hapo ndipo unapoona mbegu nzima au vipande vyake kwenye kinyesi, jambo ambalo kwa baji mzima halipaswi kuonekana kabisa. Palipo na vidonda damu huvuja, na ikishapita utumbo wote inatoka nyeusi na yenye kunata. Wako wanaotapika: manyoya ya usoni na utosini yanashikana kwa ute na vipande vya mbegu, kwa sababu ndege akitapika hutikisa kichwa. Wako pia wanaokufa ghafla kwa kuvuja damu tumboni kabla hata hawajakonda.

Kwa miaka mingi kiumbe hiki kilidhaniwa kuwa bakteria mkubwa, na vitabu vya zamani vinakiita megabakteria. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2003 ndio uliothibitisha kwamba ni kuvu. Nalitaja hili kwa sababu jina la zamani bado linazunguka, na mtu akisikia bakteria mkono wake unakwenda moja kwa moja kwenye antibayotiki.

Na hapo ndipo madhara yanapoanza. Ukieleza kaunta ya agroveti kwamba ndege anaharisha na anakonda, uwezekano mkubwa utaondoka na unga wa oksitetrasaiklini wa kuku, pengine uliochanganywa na vitamini. Unga huo hauiui Macrorhabdus hata kidogo. Unachoua ni bakteria wa kawaida wanaokaa kwenye gole na utumbo, wale wanaozizuia kuvu nyingine zisitawale. Wakiondoka, Candida albicans, kuvu nyingine ya jamii hiyo hiyo ya hamira, inapata nafasi na kuota kwenye gole. Sasa ndege aliyekuwa na ugonjwa mmoja ana miwili. Gole linajaa na kuchelewa kushuka, mdomo unatoa harufu ya uchachu, na ukichungulia koo unaweza kuona utando mweupe. Mwenye ndege anaona hali imezidi, anaongeza siku za antibayotiki. Mzunguko huu unaweza kumuua ndege ambaye kuvu ya kwanza peke yake isingemuua, na unaumiza kuutazama kwa sababu unafanywa na watu wanaowapenda ndege wao.

Jambo lingine la kulishika mapema: ndege wengi wana kuvu hii na hawaumwi. Wanaila, wanaitoa kwenye kinyesi, wanawapa wenzao, na kwa macho wako sawa. Inaenea kwa kinyesi kinachoingia kwenye chakula na maji, na kwa mzazi anayemlisha kinda kwa mdomo. Kinachomwangusha aliyekuwa mzima mara nyingi ni mzigo mwingine: kutaga mfululizo, kunyonyoka manyoya, msongamano, ugonjwa mwingine, safari ndefu ya matatu ndani ya boksi, au baridi. Nakuru iko juu ya mita 1,800, na usiku wa Juni hadi Agosti kizimba kilichoachwa kwenye baraza kinamtoza ndege mdogo nguvu nyingi za kujipasha joto. Kisumu shida ni joto la mchana pamoja na vizimba vilivyosongamana, na mbegu inayopata unyevu haraka ikaota ukungu wake mwenyewe.

Uzito kwanza

Mizani ya dijitali ya jikoni inayosoma gramu moja moja inatosha, ingawa inayosoma sehemu ya kumi ya gramu ni bora zaidi kwa chiriku. Tumia kikopo cha plastiki chenye mfuniko uliotobolewa matundu, kiweke kwenye mizani, bonyeza irudi sifuri, kisha mtie ndege. Mpime asubuhi kabla hajala, baada ya kutoa kile kinyesi kikubwa cha kwanza cha alfajiri, na saa iwe ile ile kila siku. Ukimpima leo asubuhi na kesho jioni gole likiwa limejaa, tarakimu zako hazina maana.

Baji wa kawaida huwa kati ya gramu 30 na 40, wale wakubwa wa maonyesho wakizidi 50. Lavubedi wengi wako kati ya 45 na 60, kokateli kati ya 80 na 100 au zaidi kidogo, chiriku kati ya 15 na 25. Lakini usimlinganishe ndege wako na jedwali, mlinganishe na yeye mwenyewe alipokuwa mzima. Akipoteza asilimia 10 hilo ni jambo la kumwona daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, na kwa baji wa gramu 36 asilimia 10 ni gramu tatu na nusu tu. Jicho haliwezi kuona gramu tatu na nusu chini ya manyoya yaliyotutumuliwa. Ndiyo maana nasema mizani inamfaa mfugaji kuliko kabati zima la dawa.

Kinyesi chini ya hadubini

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo watu wanapokosea zaidi.

Jioni ondoa kila kitu kwenye sakafu ya kizimba, tandika karatasi nyeupe au nailoni safi. Asubuhi chukua kinyesi kibichi, kisizidi saa moja. Kinyesi cha ndege kina sehemu tatu: maji, mkojo mweupe mzito kama chokaa, na choo chenyewe cha kijani au kahawia. Unachotaka ni choo. Ule weupe utaujaza uwanja wa hadubini fuwele ambazo hazikusaidii.

Chukua choo cha kiasi cha punje ya mchele, kitie kwenye kichupa kidogo chenye mililita moja au mbili za maji ya chumvi ya hospitali, yale ya asilimia 0.9. Tikisa vizuri mpaka kisambaratike. Acha kitulie sekunde kama kumi hivi: mchanga, maganda na vipande vizito vinazama, kuvu inabaki inaelea. Vuta tone kutoka juu kabisa, karibu na uso wa maji, si chini. Weka kwenye slaidi, funika kwa kioo chembamba. Hatua hii ndogo ya kuacha vizito vizame ndiyo inayotofautisha slaidi inayosomeka na slaidi iliyojaa takataka.

Anza na lenzi ya 10, kisha panda hadi 40. Punguza mwanga, shusha kondensa, ile lenzi ya chini inayokusanya mwanga, au funga kidogo mlango wa mwanga ulio chini ya jukwaa. Kuvu hii haina rangi, na mwanga mkali unaifuta kabisa. Ukiona maumbo marefu, yaliyonyooka, magumu, yenye ncha za mviringo, yamelala huku na huku kama fito zilizomwagwa kiwanjani kabla ya kujenga, umeipata. Urefu wake ni kati ya maikromita 20 na 80, unene 2 hadi 3. Kwa kipimo cha haraka, chembe nyekundu ya damu ya ndege ina urefu wa takriban maikromita 12, kwa hiyo hata fito fupi inaipita. Haitembei yenyewe. Kitu kinachokimbia si hiki, kitafutie jina lingine.

Vya kuchanganyisha macho vipo. Nyuzi za mimea kutoka kwenye mchicha au sukumawiki zinaweza kuwa ndefu, lakini unene wake haulingani, zinapinda, na ncha zimechanika. Bakteria wa kawaida ni wadogo mno, kwenye lenzi hiyo ni vijidoa. Candida ni ya mviringo, maikromita 3 hadi 6, nyingine zikiwa zimechipuza kitoto ubavuni; chache kwenye kinyesi si ajabu, nyingi zinazochipuza ni tatizo. Kama maabara ina rangi za Gram, zile za kutofautishia bakteria, Macrorhabdus huchukua rangi ya zambarau, mara nyingi kwa mabakamabaka badala ya kukolea sawasawa.

Fundi yeyote wa maabara anayetafuta mayai ya minyoo kila siku ana hadubini inayofaa na jicho linalofaa. Mara nyingi kinachokosekana ni mtu wa kumwambia atafute nini, kwa hiyo mpe vipimo na umbo kama nilivyoandika hapa. Kwa njia rasmi, maabara ya serikali ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo iko Nakuru, na nyingine ziko Kericho na Eldoret, ambazo zinamfaa mtu wa Kisumu, Kakamega au Bungoma. Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro kina kitivo cha tiba ya mifugo, na Kabete kuna kile cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Piga simu kabla ya kwenda, uulize kama wanapokea kinyesi cha ndege wa nyumbani na saa gani.

Slaidi ikiwa safi, usimwondolee ndege lawama bado. Kuvu hutolewa kwa vipindi: leo mamia, kesho hakuna. Kusanya kinyesi siku tatu hadi tano mfululizo, na kama una ndege kadhaa kwenye kizimba kimoja, changanya vinyesi vyao upate picha ya kundi. Kinyume chake pia ni kweli. Fito chache kwenye kinyesi cha ndege mnene mwenye furaha hazimaanishi kwamba anakufa, zinamaanisha kwamba anabeba.

Ndege akifa, usimtie kwenye friza. Barafu inapasua chembe za mwili na kuharibu uchunguzi. Mloweshe manyoya kwa maji yenye sabuni kidogo ili yasihifadhi joto, mfunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, mweke kwenye sehemu ya baridi ya kawaida ya friji, mbali na chakula cha watu, na mfikishe maabara siku hiyo au kesho yake. Mwombe daktari akwangue ute pale mpakani mwa tumbo na firigisi na kuutazama papo hapo. Mahali hapo kuvu huonekana kwa wingi kuliko kwenye kinyesi chochote. Ndege mmoja aliyekufa na kuchunguzwa vizuri anaweza kuwaokoa waliobaki.

Siyo kila anayekonda ana kuvu hii, na nisingependa mtu atoke hapa akimwona Macrorhabdus kila mahali. Waya mpya wa kuku uliopakwa zinki ni sumu kwa kasuku wanaoutafuna, na dalili zake zinafanana: kutapika, kukonda, kinyesi cha kijani. Trikomonasi, kijidudu cha seli moja, huishi kwenye gole na huonekana ikikimbia kwenye tone bichi la ute wa gole. Baji aliyelelewa kwa mbegu tupu bila aidini anaweza kuvimba tezi ya shingo hadi gole likakosa nafasi ya kushusha chakula. Kuna virusi vya bona vinavyolegeza tumbo la kasuku, kuna minyoo, kuna uvimbe wa saratani kwa baji wazee. Dalili za nje zinakuonyesha mtaa tu, nyumba inatafutwa kwa hadubini.

Dawa

Dawa yenye rekodi nzuri zaidi ni amfoterisini B kwa njia ya mdomo, miligramu 100 kwa kila kilo ya mwili, mara mbili kwa siku, kwa siku 14 hadi 30. Kwa mdomo haifyonzwi sana kuingia kwenye damu, inafanya kazi ndani ya tumbo, ndiyo maana kipimo kinaonekana kikubwa na figo hazipati shida ileile inayoletwa na sindano. Amfoterisini ya sindano ambayo hospitali huwapa watu ni jambo lingine kabisa, usimdunge ndege. Dawa ya mdomo si rahisi kuipata kila duka, kwa hiyo daktari anaweza kulazimika kuomba mfamasia aitengeneze.

Hesabu ifanye mwenyewe hata kama daktari ameiandika, kwa sababu kosa la nukta moja kwa ndege wa gramu 36 ni kosa la mara kumi. Gramu 36 ni kilo 0.036. Mara miligramu 100 inakuja miligramu 3.6 kwa dozi moja. Kama dawa imetengenezwa kwa miligramu 100 kwa mililita, dozi ni mililita 0.036, ambayo sirinji ya mililita moja haiwezi kuipima kwa uhakika. Iombe iwe miligramu 20 kwa mililita, dozi itakuwa mililita 0.18, na hiyo inasomeka. Tikisa chupa kila mara, dawa hutuama chini, na anayesahau kutikisa anampa ndege maji wiki ya kwanza na sumu wiki ya mwisho.

Kumnywesha kuna ufundi wake. Mshike kichwa kikiwa kati ya kidole cha shahada na cha kati, kiganja kikizunguka mgongo, na kidari kikiwa huru kabisa. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama chetu. Anapumua kwa kupanua kidari, na ukikibana anakosa hewa mikononi mwako bila kulia. Sirinji isiyo na sindano iingie kutoka pembe ya kushoto ya mdomo wake ikielekea kulia, kwa sababu njia ya chakula imelalia upande wa kulia wa shingo. Toa tone, acha ameze, toa tone lingine. Akianza kukohoa au mapovu yakitokea puani, simama.

Kuweka amfoterisini kwenye maji kunafanyika kwa makundi makubwa, lakini sikupendi kwa ndege mmoja mgonjwa. Baji hunywa mililita chache tu kwa siku, aliyeumwa hunywa kidogo zaidi, na dawa inatuama kwenye kinyweo. Huwezi kujua alichopata.

Nistatini, yale matone ya manjano ya vitengo 100,000 kwa mililita wanayopewa watoto wenye utando mdomoni, inapatikana duka lolote la dawa, na ni dawa nzuri ya Candida: kiasi cha vitengo 300,000 kwa kilo mara mbili kwa siku, ambayo kwa baji wa gramu 36 ni takriban mililita 0.1. Inaua kwa kugusa tu, kwa hiyo vidonda vya mdomoni lazima viguswe na dawa. Dhidi ya Macrorhabdus matokeo yake yanatofautiana sana, kuna ndege inaowasaidia na wengi isiowasaidia. Usiitegemee kwa sababu tu iko karibu.

Sodiamu benzoeti, ile inayohifadhi vyakula vya viwandani, imejaribiwa kwenye maji ya baji na imeondoa kuvu kwa ndege wasiozaa. Kwa wanaolea makinda imesababisha kutetemeka, kupoteza mizani ya mwili na vifo, kwa kuwa mzazi anayelisha hunywa maji mengi zaidi na hivyo kujipa dozi kubwa. Fikiria basi Kisumu mwezi wa Februari, ambapo hata asiyelea anakunywa mara nyingi. Isitumike bila daktari, na isitumike kabisa msimu wa kutaga.

Siki ya tufaha sina neno zuri la kuisemea hapa. Hoja ya wanaoipendekeza ni kwamba tindikali itaiua kuvu. Lakini maabara iliyofanikiwa kuikuza ilikuta inastawi vizuri penye tindikali, pH ya 3 hadi 4. Tone la siki halitamfanyia lolote kiumbe aliyezoea makao hayo, na linaweza kumfanya ndege akatae maji.

Wakati dawa ikifanya kazi, ndege anahitaji joto na chakula kisichomchosha. Nyuzi joto 28 hadi 30 upande mmoja wa kizimba, kwa balbu iliyowekwa nje ya waya, upande mwingine ubaki wa kawaida ili aweze kukimbia joto likizidi. Usitumie jiko la makaa chumbani. Hewa ya mkaa inamuua ndege kabla haijakuumiza wewe kichwa. Chakula kiwe laini: yai lililochemshwa likavurugwa, mkate mkavu uliopondwa kidogo pamoja nalo, wimbi na uwele uliolowekwa usiku na kusuuzwa asubuhi, mchicha uliokatwa. Cha yai kiondolewe baada ya saa mbili tatu, hasa Kisumu. Mbegu kavu za kawaida zibaki pia, kwani ndege mgonjwa asiyekitambua chakula kipya atakufa njaa mbele ya bakuli zuri. Changarawe itoe mpaka apone. Wagonjwa wa tumbo huimeza kupita kiasi na firigisi inaziba. Na dawa za maumivu jamii ya aspirini na ibuprofeni usimpe: tumbo tayari lina vidonda.

Kama daktari amethibitisha kuvu kwa ndege mmoja, waliokaa naye kizimba kimoja wahesabu wote wameipata. Kumtibu mmoja na kumrudisha kwa wenzake ni kumwambukiza upya. Watibiwe pamoja, na usafi uende sambamba na dawa. Kwangua kinyesi kikavu kwanza, osha kwa sabuni na maji moto, ndipo upake dawa ya kuua vijidudu. Bleach ya madukani ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sehemu sita za maji, ikae dakika kumi, isuuzwe, kizimba kikauke juani ndege wakiwa mbali. Bleach ikipakwa juu ya kinyesi inatumika kukipaukisha tu. Vijiti vya mti vilivyoloa uchafu vichome, ukate vingine vya mpera. Vikombe vya maji na chakula visiwe chini ya kijiti cha kukalia, kosa dogo la mpangilio linalosambaza ugonjwa kila siku.

Kuvu hii haijulikani kuambukiza binadamu, lakini kinyesi cha kasuku kina mengine, kwa hiyo kilowanishe kabla ya kukwangua, funika pua, nawa mikono.

Kinyesi kikiwa safi wakati dawa bado inaendelea usisherehekee, kwa sababu dawa inaweza kuizima kuvu isionekane bila kuimaliza. Pima tena wiki mbili baada ya dozi ya mwisho, kwa vinyesi vya siku kadhaa, na mara nyingine mwezi mmoja baadaye. Uzito uendelee kuandikwa kila wiki. Kurudi kwa ugonjwa ni jambo la kawaida, na kwa baadhi ya ndege lengo la kweli ni kuidhibiti wakaishi vizuri. Ndege wa namna hiyo asitumike kuzalisha: kinda hupata kuvu kutoka mdomoni mwa mzazi, na ndani ya wiki chache kundi lote jipya litakuwa nayo.

Ndege mpya, hata akitoka kwa rafiki, akae chumba kingine siku 30 au zaidi, na vinyesi vyake vipimwe mwanzoni na mwishoni mwa muda huo. Na wale lavubedi wanaoruka huru kuzunguka Naivasha, chotara wa spishi mbili za asili ya Tanzania, wasitegwe kuongezea kizimba: sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inadai kibali, na hakuna aliyewahi kukiangalia kinyesi cha yule unayemleta nyumbani. Wahudumie wenyeji kwanza, mgeni mwisho, kila siku, na kitambaa chake, kikombe chake na brashi yake visivuke mlango wa chumba kile.